Msimamizi na Tangi Lake

Kitambaa chake cha mkononi kilikuwa cheupe siku zote. Naanza na kitambaa kwa sababu ndicho nilichokiona kabla ya uso wake, siku yangu ya kwanza kazini, na kwa miaka kumi na mmoja iliyofuata nilikiona kuliko uso wenyewe. Alikibana puani akishuka kutoka ofisini, akakibana puani akitupa maagizo, kisha akitupa kisogo alikikunja mara nne na kukirudisha mfukoni kwa uangalifu mkubwa. Huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa maji taka ya shule nzima ya bweni. Jina lake sitalitaja. Watoto wake hawana kosa, na mke wake alishaumia vya kutosha.

Shule yenyewe ilikuwa mbele kidogo ya Kebirigo, ukishika njia ya Gesima. Vyoo vyote, vya wanafunzi na vya nyumba za wafanyakazi, vilikuwa vya kuvuta maji, jambo la ajabu upande ule miaka hiyo. Uchafu uliteremka kwa mabomba mpaka kwenye tangi la saruji lililochimbwa chini ya mteremko. Juu yake kulikuwa na pipa kubwa la chuma lililofunikwa kama sufuria iliyogeuzwa. Uchafu ukioza humo bila kupata hewa hutoa gesi, gesi huliinua pipa, na bomba jembamba huipeleka jikoni. Maji yaliyobaki yaliingia katika mabwawa mawili, yakatulia, yakatoka safi kiasi cha kumwagiliwa migomba. Mzungu mmoja mhandisi alilijenga tangi hilo miaka ya mwanzo ya Uhuru, akakaa nasi mwaka na ushee, akaenda zake. Alimwachia Msimamizi michoro, daftari na koti jeupe. Sisi vibarua alituachia majembe.

Nilikuwa kijana wa Manga, nimemaliza darasa la nane bila karo ya kuendelea, na baba alikuwa amefariki. Kazi ilikuwa kazi. Nilikoroga tangi kila asubuhi kwa mti mrefu, nilizibua mabomba, nilizoa tope lililokauka kando ya mabwawa. Nilijifunza pia kulipenda tangi, na sioni haya kusema hivyo. Kuona moto wa buluu ukiwaka chini ya sufuria ya ugali wa watoto mia tatu, ukajua umeutengeneza wewe kwa kitu ambacho watu wote wanakitupa na kukitemea mate, si jambo dogo. Msimamizi aliuona moto huo huo, na sijawahi kumwona akiufurahia.

Yeye alikuwa na lake la kusema. "Ukiona moto, pika," alituambia. "Usianze kuuliza umetoka wapi." Alilisema hilo kwa wapishi, kwa wazazi wa wanafunzi, kwa wachungaji waliotutembelea. Nyumbani kwao Gesima hakusema hata hilo. Huko alikuwa amewaambia watu kwamba yeye yuko gesi. Ndivyo alivyosema, "Mimi niko gesi," kama mwingine anavyosema yuko polisi au yuko reli. Watu wa kwao, ambao wengi walikuwa bado wanasoma Biblia kwa koroboi, walimwona akipita na koti jeupe juu ya baiskeli wakaamini kuna kiwanda kikubwa mahali fulani. Kiwanda kinatengeneza gesi ya nini, na kwa kitu gani, hakuna aliyewahi kuambiwa.

Nisiwe mwongo: alijua kazi. Hilo ndilo lililokuwa likinikera zaidi. Mjinga ukimdharau unachoka haraka, lakini huyu alikuwa na akili, na akili yote aliitumia kujiweka mbali na tangi. Alikuwa akisimama jikoni, mikono nyuma, akautazama moto akasema, "Leo ina maji ndani ya bomba," na kweli ukienda kufungua bomba unakuta maji. Akiona ncha za njano alijua tangi limepoa. Kila asubuhi aliandika kwa kalamu nyekundu pipa limepanda kiasi gani, naye hakulipima. Nilipima mimi, nikapaza sauti kutoka kule chini, naye akaandika akiwa juu kwenye ngazi za ofisi.

"Ngapi?"

"Futi tatu na nusu, bwana."

"Una hakika?"

"Njoo uone, bwana."

Hakuja hata siku moja.

Mhandisi alipokaribia kuondoka alitukalisha sisi wawili chini ya kibanda cha zana. Alisema tangi kama hili si la shule tu. Mtu mwenye ng'ombe anaweza kujichimbia dogo nyuma ya zizi, akachanganya mavi ya ng'ombe na maji, na mke wake akapika bila kuni. Alisema ya ng'ombe huwa hata rahisi kuliko ya watu. Msimamizi aliandika yote hayo katika daftari, na kipimo cha shimo, na idadi ya ng'ombe wanaotosha. Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana. Mimi sikuwa na ng'ombe wakati huo, nikasikiliza tu.

Sasa niseme la ukuta wa chuma, maana hilo ndilo linalomweleza vizuri. Kwetu Gusii, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatumii choo kimoja. Tunaita chinsoni, yale mambo ya kustahiana kati ya mzazi na mtoto, na kati ya mkwe na mkwe. Mama mkwe haoni hiki, baba mkwe hataji kile, na choo ndicho cha kwanza katika yote. Mzee mmoja aliyekuwa mlinzi wa lango alikuwa na mwanawe mwalimu katika shule ile ile, na mwalimu anaishi pale na mkewe. Vyoo vyao vilikuwa mbali, kwa hiyo mzee alikaa na amani yake. Siku moja akaniuliza mabomba yote yanakwenda wapi. Nikamjibu bila kufikiri kwamba yote yanakutana chini katika tangi.

Mzee alishika ukuta. "Yote?"

"Yote, omogaka," nilimjibu, kama tunavyomwita mzee wa heshima.

"Yangu na ya mke wa mtoto wangu?"

Kuanzia siku hiyo hakuingia chooni. Alikwenda vichakani, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuheshimiwa, fundi seremala akamfuata, na mzee wa bustani, na dereva, kila mmoja akijihesabia mkwe aliye naye karibu. Habari zikawafikia wanafunzi. Wavulana ambao kaka zao walikuwa wameoa watoto wa wafanyakazi wakaanza kwenda kichakani vilevile. Pipa likashuka. Jikoni ugali ukatoka mbichi.

Msimamizi aliwaita wazee wote ofisini, akanunua soda, akatandaza mchoro wa mhandisi mezani. Niliitwa nishike ncha ya karatasi isijikunje. Kulikuwa na mstari mmoja mnene katikati ya tangi, mstari wa kuonyesha maji yanafika wapi. Akaufuata kwa kalamu yake nyekundu polepole. "Huu ni ukuta wa chuma," alisema. "Upande huu ni wa wazee na wakwe zao wa kiume. Upande ule ni wa akina mama. Hawaonani, hawakutani, mpaka mwisho. Mzungu si mjinga, wazee wangu. Aliuliza mila zetu kwanza."

Wazee walitazamana. Mlinzi wa lango akanigeukia mimi. "Wewe kijana wa Manga, wewe huingia mle. Kuna ukuta?"

Mimi ndiye niliyekuwa nikiingia tangi likikaushwa. Hamkuwa na ukuta wala kamba. Msimamizi alinitazama juu ya kitambaa chake, nami nikafikiria mama yangu na wadogo zangu wawili waliokuwa shuleni.

"Upo, omogaka," nilisema.

Basi wazee wakarudi vyooni, pipa likapanda, na watoto wakala ugali ulioiva. Uongo wake uliokoa tangi, ukweli wangu ungeliua. Nimeliwaza jambo hilo miaka mingi na bado linaniudhi. Lakini angalia ni nani aliyeombwa kuapa, na ni nani aliyekaa kimya akikunja kitambaa.

Kulikuwa pia na lile la dawa. Wakubwa fulani walikuwa waje kutoka Nairobi kuangalia mtambo, na Msimamizi akaona kwamba vyoo vinanuka, jambo ambalo vyoo hufanya. Akaamuru kila choo kimwagiwe dawa ya kuua vijidudu, debe zima kwa kila mstari. Nilimwambia dawa ile itaua na vile viumbe vinavyotengeneza gesi ndani ya tangi. Alinijibu kwamba yeye ndiye aliyefundishwa na mzungu. Wageni walipofika vyoo vilinukia kama hospitali, na jikoni moto ulikuwa kama wa kibiriti kinachokufa. Msimamizi akawaeleza kwamba vibarua hawakukoroga. Mgeni mmoja, mtu mpole mwenye miwani, akaniuliza mimi mwenyewe nini kimetokea.

"Huyo hajui Kiswahili," alisema Msimamizi upesi. "Huyo ni wa kijijini tu."

Nilikuwa nimesimama pale, nikisikia kila neno katika lugha niliyosomea miaka minane. Yule mgeni akatikisa kichwa kwa huruma, akaniachia tabasamu. Wapishi walipika kwa kuni karibu mwezi mzima mpaka tangi likafufuka.

Chakula chake ndicho kilichokuwa kichekesho chetu, kabla hakijaacha kuchekesha. Wanafunzi walipoanza kulalamika kwamba hawataki kula kitu kilichopikwa kwa moto wa chooni, alipanda jukwaani asubuhi akawahubiria saa nzima juu ya sayansi. Alisema moto ni moto, hauna uchafu. Alisema anayekataa ugali huu ni mshamba. Saa saba mchana akafunga mlango wa ofisi, akafungua kikapu alichokuja nacho kutoka nyumbani, akala obokima yake, ugali wa wimbi, na mboga ya chinsaga, vyote vimepikwa kwa kuni za mke wake. Kila siku ya kazi, miaka yote ile, hakuonja hata chai ya jikoni kwetu. Mke wake aliamka alfajiri apige moto, ili mume wake, mtu wa gesi, asile cha gesi. Wakati huo nilimcheka yeye. Mke sikumfikiria.

Liko jambo moja nitakalomhesabia, na nalisema kwa sababu ni kweli, si kwa sababu napenda. Bomba la jikoni lilipasuka asubuhi moja, gesi ikajaa, na wapishi watatu walikuwa ndani wakimenya viazi na jiko moja limewashwa. Mimi nilikuwa kule chini. Nilipofika juu nilimwona akitoka mlangoni amewavuta wanawake wawili kwa mikono, wa tatu amemsukuma mbele. Nyuma yake kukawaka, puu, nywele zake za kisogoni zikaungua. Koti likawa na doa jeusi mgongoni. Alikaa kwenye nyasi, wale wanawake wakimlilia na kumshukuru. Kisha akatia mkono mfukoni, akatafuta kitambaa, akakuta kimeanguka ndani, na akanituma mimi nikakitafute.

Haya. Sasa nifike kwangu.

Msichana aliitwa Kemunto. Alikuwa akiuza ndizi na mama yake soko la Kebirigo, na alikuwa na kicheko cha kuanzia tumboni. Nilinunua ndizi nyingi mno mwaka ule kwa mtu ambaye mama yake ana shamba la ndizi. Yeye alijua ninafanya kazi gani. Nilimwambia mwenyewe, siku ya tatu au ya nne, nikijua hataniangalia tena, naye akasema, "Na moto wake uko namna gani?" Nikamweleza moto wa buluu. Akasema siku moja atakuja auone.

Lakini kwetu msichana hajiozi. Ukoo wao ukatuma esigani, yule mtu anayetumwa kuchunguza nyumba ya mwenzake: kuna wizi, kuna uchawi, kuna ugonjwa, kijana ni wa namna gani. Alikuwa mama mmoja mzee, mwangalifu, mwenye kusikiliza zaidi ya kusema. Kwa bahati yangu mbaya walikuwa watu wa Gesima, kijiji kimoja na Msimamizi. Na mtu wa kuulizwa juu ya kijana ni nani, kama si mkubwa wake wa kazi?

Mama huyo alimwuliza kama kijana wa Manga anafanya kazi naye. Fikiria lile swali. Angesema ndiyo, yuko nami gesi, basi mama angeuliza gesi hiyo mnaitoa wapi, maana kazi yake ilikuwa kuuliza. Angesema kijana ni mzuri, anajua kazi, basi ingebidi aseme kazi yenyewe ni ipi. Ili yeye abaki safi, ilibidi kuwe na mtu mchafu, na mtu huyo akae mbali naye kabisa.

Mama yule mwenyewe ndiye aliyeniambia, sokoni, mchana, amenivuta kando ya mafungu ya mihogo kwa sababu alinionea huruma. "Mkubwa wako alisema yeye yuko gesi," alisema. "Wewe uko huko nyuma, unachota mavi ya watu kwa mkono. Akasema hata yeye hawezi kukupa mkono wa salamu. Tata, mwanangu, ningesema nini kwa baba yake msichana? Kijana anayeshika ya wakwe na ya wazazi, yote pamoja?"

Kemunto aliolewa upande wa Borabu kabla mwaka haujaisha. Sijui kama alikubali au alikubalishwa, na sikuwa na haki ya kuuliza.

Nilipanda mpaka ofisini siku ile bila kunawa. Nilisimama mbele ya meza yake nikamwuliza kwa nini. Alibana kitambaa puani.

"Kwani nilisema uongo?" aliuliza.

Na hapo ndipo aliponiweza, kwa sababu juu yangu hakuwa amesema uongo wowote. Nilirudi kwenye tangi nikakoroga. Nilibaki pale kwa sababu wadogo zangu walikuwa hawajamaliza shule, na kwa sababu nyingine niliyojiwekea moyoni: kwamba siku moja, nyumbani kwake, mbele ya watu wake, nitamfanya aseme kwa mdomo wake gesi ile ilitoka wapi. Nilioa baadaye, mwanamke mwema wa kwetu Manga, nikapata watoto. Lakini nia ile sikuiacha.

Msimamizi alistaafu kabla ya pipa kuanza kutoboka kwa kutu. Mimi nikapewa kazi yake, ila si koti. Halafu ikaja miaka ile mafuta ya taa yalipopanda, na kuni nazo zikawa shida, milima imebaki mitupu na viwanda vya majani ya chai vinameza miti. Mwalimu mkuu mpya akataka tangi litengenezwe upya kwa pipa jipya. Akauliza michoro iko wapi, na daftari. Vyote alikuwa amekwenda navyo Msimamizi.

"Nenda ukamwombe," alisema mwalimu mkuu.

Sijawahi kutumwa mahali nikafurahi hivyo. Nilikwenda Jumapili, kwa sababu wao ni Wasabato na Jumamosi nisingepata mazungumzo ya kazi. Njia nzima hadi Gesima, majani ya chai kulia na kushoto, nilikuwa nikipanga maneno. Ningemkuta na wageni, nilitumaini hivyo. Ningekaa, ningekunywa chai, kisha ningesema kwa sauti ya kusikika, "Bwana Msimamizi, waeleze hawa."

Hakukuwa na wageni. Alikuwa peke yake sebuleni, amezeeka, amekaa kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, na cheupe kingine mkononi. Hakuniambia nikae mpaka aliponitazama viatu. Nilimweleza nilichojia. Alifungua sanduku, akatoa michoro na daftari vimefungwa kwa nailoni, akaviweka mezani.

"Pipa wanatengeneza la chuma tena?" aliuliza.

"La chuma."

"Waambie wapake lami ndani. Nilimwambia mzungu, hakusikia." Kisha, kama zamani: "Na ukoroge. Wewe ulikuwa mvivu wa kukoroga."

Nilinyanyuka nikatoka nje kabla sijamtukana, nikasema naenda kumsalimia mama. Jiko lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, moshi unatoka kwenye majani ya paa lote. Nyuma yake zizi, na ng'ombe watatu wa gredi, wale wa maziwa mengi, wanene. Mke wake alikuwa akija kutoka bondeni na mzigo wa kuni mbichi mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Nikampokea. Macho yake yalikuwa mekundu, yanatiririka, na la kushoto lilikuwa na wingu jeupe. Nilisimama mlangoni, kama inavyompasa mgeni mwanamume, nikampasulia zile kuni, naye akapuliza moto akakohoa, akapuliza akakohoa.

"Wewe ndiye wa Manga," alisema. "Uliyemtaka Kemunto."

"Ni mimi, mama."

"Nilimwambia alikukosea. Hakunijibu."

Nikashusha shoka. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu yote, na mtu wa kuyasikia alikuwa huyu. "Mama," nilisema, "unajua kazi tuliyokuwa tunafanya kule?"

Alicheka kidogo, akikohoa. "Nimefua ile koti miaka yote. Unafikiri sina pua?"

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Na hukumwambia kwamba unajua?"

"Ningemwambia, angekaa wapi?" alisema. "Nyumba ni hii moja."

 Nia ya miaka yote ile ilinitoka mkononi, kwa kuwa siri niliyokuja kuifichua haikuwa siri. Alikuwa amemfunika mume wake kwa ukimya, na yeye mume anadhani amejifunika mwenyewe kwa kitambaa. Ningeweza kuishia hapo, nikanywa chai, nikaenda. Lakini alipangusa macho kwa kanga akauliza, kama mtu anayeuliza habari ya mvua:

"Hiyo kitu, lazima iwe ya watu?"

"Hapana, mama. Ya ng'ombe ni rahisi zaidi."

"Ngapi?"

Nilitazama zizi. Sikutaka kujibu, naapa. Mara moja nilikuwa nimesema upo ukuta, na ukuta haukuwepo. Sikuweza tena.

"Hawa wako watatu wanatosha jiko hili. Asubuhi na jioni, bila moshi."

Aliokota ukuni mwingine. Moto ulikuwa ndio unaanza kushika. "Na yeye anajua hivyo?"

"Aliandika mwenyewe, mama. Iko kwa daftari, hapo mezani. Ilikuwa kwa sanduku lenu."

Aliweka chini ukuni aliokuwa ameushika. Aliingia nyumba kubwa, nami nikamfuata. Akachukua daftari mezani bila kumtazama mume wake, akaenda nalo dirishani, akalisogeza karibu kabisa na jicho lake zima. Alikuwa msomaji wa Biblia, kusoma alijua. Alifunua karatasi moja moja, zile hesabu zote nyekundu nilizompigia kelele kutoka chini, mpaka akafika. Alisoma polepole kwa sauti: mke wa nyumbani, ng'ombe wawili au watatu, shimo nyuma ya zizi, hakuna kuni. Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana.

Msimamizi alinitazama kwanza mimi, kisha akamtazama yeye. Mkono ukaenda puani na kitambaa, ukaishia njiani.

"Watu wangeuliza," alisema.

"Wangeuliza nini?"

"Inatoka wapi."

"Wewe ungewaambia," alisema mke wake.

Alivuta kiti akakaa mbele yake. Nadhani haikuwa desturi ya nyumba ile mwanamke kukaa sebuleni, na hata mume hakuwa amezoea, kwa maana alirudisha miguu yake nyuma kumpa nafasi. Mama alimnyooshea mkono, kiganja juu, naye hakuelewa anaombwa nini. Mwishowe akampa kitambaa. Mama alijipangusa nacho macho yote mawili, taratibu, kikabaki na weusi wa masizi, kisha akakiweka juu ya meza.

"Kesho utachimba," alisema.

Nilitegemea Msimamizi aseme yeye ni mzee, au aseme ataita vibarua. Nilimtazama usoni, uso mtupu bila kitambaa, na sijui nilikuwa nautafuta ushindi gani, lakini sikuuona. Alikuwa mzee tu, mbele yake ameketi mke ambaye hakuwahi kumjua.

"Wapi?" aliuliza.

"Nyuma ya zizi. Soma mwenyewe, uliandika."

Nikachukua michoro peke yake. Daftari nililiacha pale, na mwalimu mkuu nilimwambia limepotea. Niliondoka bila kunywa chai. Haikuwa imechemka, kwa sababu mama aliuacha moto ukazimika, na mpaka naingia njiani hakuwa amerudi jikoni kuuwasha.